Vinundu Kwenye Mizizi ya Nyanya

Mtaa mzima unamwita mume wangu Baba Bomba. Akiamka tu, hata uso hajanawa, ameshavaa bomba la dawa mgongoni. Akiona jani la manjano, anapuliza. Akiona jani limejikunja, anapuliza. Siku moja nilimwambia, "Nikikunja uso, utanipulizia na mimi." Alicheka, akaendelea kupuliza.

Lakini nyanya zetu zilikuwa taabani. Asubuhi tunazimwagilia vizuri, jua likipanda zinalegea. Zilidumaa, na matunda yakawa madogo kama gololi. Huo ulikuwa msimu wa pili wa hasara.

Shamba lenyewe ni la baba mkwe. Naye alishamwambia mume wangu waziwazi, "Nyanya zikikataa tena, shamba nampa kaka yako ajenge banda la kuku. Kuku angalau wanataga." Shemeji hakusubiri. Alileta nguzo zake, akazilaza kando ya uzio.

Nikaenda kumwita mtaalamu wa kilimo, yule tunayemwita Bibi Shamba. Alikuja na mabuti yake. Majani hakuyatazama hata kidogo. Alichimba taratibu kando ya mnyanya mmoja, akaung'oa.

"Makubwa haya!" nikasema. Mizizi yote ilikuwa na vinundu, kama uzi uliofungwa mafundo ovyo.

"Hii ni minyoo fundo," alisema. "Ni midogo mno, huwezi kuiona kwa macho. Inaingia ndani ya mzizi, mzizi unavimba, na maji hayapandi vizuri kwenye mmea."

"Sasa nipulize dawa gani?" Baba Bomba akauliza. Mkono tayari uko kwenye mpini.

"Baba, hebu shusha hilo bomba! Adui yuko chini ya udongo, wewe unapiga hewani."

Mimi nilicheka mpaka nikashika kiuno. Bibi Shamba akaendelea, "Hii mizizi imeshaharibika, hakuna dawa ya kuirudisha. Ing'oeni minyanya na mizizi yake yote, ikauke, muichome. Msimu ujao tutaweka dawa kwenye udongo wakati wa kupanda, ili ilinde mizizi ingali michanga. Miche yenu mnaiotesha wapi?"

Tukampeleka akaone. Kitalu chetu kilikuwa kwenye kona ya baba mkwe. Alikianzisha mwenyewe, na kila msimu tuliotesha miche palepale, maana mzee anausifia udongo wake kuwa laini kama unga. Bibi Shamba akang'oa mche mmoja uliosalia pale. Vinundu tele!

"Minyoo mmeilea hapa," alisema, "halafu mmeigawa shamba zima pamoja na miche."

Nani sasa wa kumwambia mzee? Mume wangu ghafla akakumbuka kwamba bomba lake linataka kuoshwa. Nikaenda mwenyewe.

"Baba, samahani. Ile kona yako ina minyoo."

Mzee akanuna. "Kona hiyo ilimlisha mumeo akiwa mtoto."

"Ni kweli, baba. Lakini sasa inatuangusha. Tupe msimu mmoja tu."

Aliinua kidole. "Mmoja," akasema. "Baada ya hapo, kuku."

Tulihamisha kitalu. Tukachukua udongo mahali ambapo nyanya hazijawahi kupandwa. Siku ya kupanda, Bibi Shamba alikuja na dawa ya chembechembe kutoka duka la pembejeo. Tulivaa glavu, mabuti na barakoa. Kwanza alitusomea maelezo ya kwenye pakiti: ni dawa ya zao gani, kipimo chake, na muda wa kusubiri kabla ya kuvuna.

Tuliweka dawa kwenye kila shimo, tukaichanganya na udongo, tukapanda mche, tukamwagilia kidogo.

"Minyoo inaishi kwenye unyevu wa udongo," alieleza. "Dawa nayo inahitaji unyevu ili iifikie. Udongo ukiwa mkavu, umeitupa bure. Ukimwaga maji mengi, itazama chini, pengine mpaka kisimani."

"Tuongeze kidogo kwa usalama," mume wangu akasema.

"Usalama wa nani? Hii ni sumu! Ukizidisha, unaunguza miche na unajidhuru mwenyewe."

Nikamnyang'anya kipimo. "Wewe chimba mashimo."

"Na haimalizi minyoo yote," Bibi Shamba akaongeza. "Kwa hiyo osheni majembe, na msimu unaofuata mbadilishe zao. Nitawaambia lipi."

Jamani, nyanya zile! Saa sita mchana, jua kali, zimesimama wima. Tulisubiri muda wa dawa uishe, tukavuna. Makreti yalijaa hadi tukaazima mengine. Hata shemeji alikuja kubeba.

Ndipo baba mkwe akafika. Hakusalimu. Aling'oa mnyanya uliokwisha kuvunwa, akaugeuza. Mizizi mirefu, safi, haina hata kinundu kimoja. Akautazama weee! Kisha akaenda kwenye uzio, akabeba nguzo moja begani.

"Baba, unaipeleka wapi?"

Alipita kando ya nyanya bila kusimama, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kona yake, akaisimika nguzo katikati ya kitalu cha zamani.

"Banda la kuku litajengwa hapa," akasema. "Shamba ni lenu."

Nilipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia juu ya uzio kuuliza nani anaolewa.