Kamba ya Muzee Pontien

Jua lilikuwa linazama nilipotoka Asiatique, mtaa wa maduka wa Bujumbura, mikono mitupu. Nilizunguka kila duka la dawa. Vita ilikuwa imekula hata vidonge. Mwanangu Prodige, wa miaka minne, alikuwa mgongoni mwangu akiwaka kwa surua, macho yamevimba. Dada yangu Dévote ni muuguzi Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Nikakata shauri: leo leo tunapanda meli.

Bandarini nilikuta ugomvi. Mzee kipofu, Muzee Pontien, alisimama mbele ya ubao wa kupandia na kamba mkononi. Mwisho wa kamba, mbwa wa rangi ya udongo. Kimya.

"Mbwa apana!" alifoka Vainqueur, baharia mwenye mabega mapana. "Mbwa wa Bujumbura tunawajua. Watu wanakonda, wao wananenepa!"

Mitaa mingi ilikuwa imehamwa, maiti hazijazikwa. Wote tulijua mbwa walikuwa wanakula nini.

"Huyu ni macho yangu," mzee alisema. "Mukimuacha, mumeniacha na mi."

Nahodha akakubali, mradi wakae nyuma kwenye magunia. Na mimi nafasi niliipata huko huko. Mzee alipomsikia Prodige akitetemeka, alivua koti lake akamfunika. Mbwa akalala juu ya miguu ya mwanangu, akaipasha moto. Siku hizo hata ndugu hawakunitendea hivyo.

"Anaitwa nani, muzee?"

"Sikumupa jina. Alikuja mwenyewe, siku nyumba yangu iliungua na macho yangu. Anasema atanifikisha."

"Wapi?"

Alicheka kidogo. "Mi sioni, maman. Nafuata tu."

Giza lilipoingia, taa za mji zikiwa zimebaki nyuma, injini ikakohoa.

Ikazima.

Walihangaika nayo mpaka wakachoka. Mwishowe tochi ikaja nyuma, na Vainqueur, na wanaume watatu.

"Ni huyu," alisema. "Ametuletea wafu wake."

Nilisimama mbele yao. Walinisogeza kama gunia. Prodige alishika sikio la mbwa akilia, "Apana! Apana!" Wakambandua vidole. Mbwa hakubweka, hakuuma.

Chubwi!

Kamba ilizama naye.

Muzee Pontien hakupiga kelele. "Ah... basi mi nimefika," alinong'ona. Halafu akageuza uso wake polepole, mpaka macho yake meupe yakaelekea kwa mwanangu. "Lakini mbwa bado ana mutu wa kuongoza."

Injini haikuwaka.

Usiku nikasikia... kwaru... kwaru... kucha juu ya mbao. Ikaja harufu ya manyoya yaliyolowa. Kitu kizito kikalala miguuni kwa Prodige. Nilitaka kunyoosha mkono. Mkono ukakataa.

Kulipokucha, upepo ulikuwa umeturudisha kwenye mchanga wa Kajaga, kando ya mji. Bujumbura ile ile, moshi ule ule. Muzee Pontien alikuwa amekaa wima, amekufa. Vainqueur alimbeba Prodige begani kwa upole, akavuka naye majini. Ufukweni akaona kamba katika ngumi ya mtoto, akapiga magoti.

"Mama Prodige... hiyo kamba niliitupa mi mwenyewe."

Ilikuwa inachuruzika maji.

Homa ilishuka. Lakini macho ya Prodige hayakuona tena. Kalemie hatukufika kamwe.

Sasa Prodige ana miaka saba, na tunaishi hapa Kajaga. Majirani wanamsifu. "Mutoto kipofu, lakini hajikwai!" Hawautazami mkono wake. Anatembea ameunyoosha mbele, ngumi imefungwa, kama anavutwa. Ile kamba niliichoma zamani.

Nimemshukuru huyo anayemwongoza. Naweka ugali mlangoni, asubuhi sahani imelambwa. Ningeweza kuishi hivyo.

Lakini kila jioni wanaelekea ziwani. Mwanzoni waliishia mchangani. Halafu maji ya kifundo. Jana nilimkuta maji yamefika kiunoni, nikamvuta huku nalia.

"Niache, mama," alisema, anatabasamu. "Anajua njia."

Leo nimejifunga naye kwa kitenge, kiuno changu na chake. Amelala pembeni yangu, hajajigeuza hata kidogo. Mlango nimeufunga kwa komeo.

Harufu ya manyoya yaliyolowa imeingia.

Prodige hajasogea... lakini kitenge kimeanza kukaza.