Mume Aliyerudi Golo Wunis

"Halo? Nani mwenzangu?"

Upande wa pili mtu alikohoa kwanza, kikohozi kizito cha kifua kilichojaa. Kisha sauti ikaja.

"Ensi. Ni mimi."

Emerensia aliketi chini kwenye majani, palepale kilimani. Boni, aliyekuwa ameinua simu yake juu akitafuta mtandao, akageuka.

"Vipi, Enu?" aliuliza, kama tunavyowaita wasichana kwetu. "Nani huyo?"

"Mimi nani?" Ensi aliuliza kwenye simu, ingawa alishajua.

"Remi. Mumeo."

"Mume wangu alikufa."

"Nani kasema?"

"Wewe. Ulivyonyamaza."

Kikohozi tena.

"Nitukane ukitaka, sina neno. Niko Labuan Bajo, nimeshuka melini. Naumwa, Ensi. Mama bado yupo?"

"Yupo."

"Basi nakuja nyumbani. Mwambie mama..."

Simu ikakatika. Kwetu Golo Wunis mtandao uko kilimani tu, na hata huko huja na kuondoka unavyotaka.

"Alikuwa nani?" Boni aliuliza.

"Remi."

Boni akacheka kidogo, kisha akaiona sura ya Ensi. "Remi yupi?"

"Kwani unawajua wangapi?"

Walikuwa wamepanda kilima asubuhi ile kumpigia padri, wapange siku ya ndoa yao.

Remi alikuwa ameondoka kwenda kwenye mashamba ya michikichi Malaysia muda mfupi tu baada ya harusi, Ensi akiwa na mimba changa. "Narudi na bati la nyumba," aliahidi. Uchungu ukamshika Ensi wakati wa masika, mto umekula daraja la magogo. Wanaume wakamfunga kwenye machela ya mianzi wampeleke zahanati, Boni akiwa wa mbele. Mtoto alizaliwa ukingoni mwa mto. Akalia kidogo, akanyamaza, na hakulia tena. Boni ndiye aliyechimba kaburi.

Ensi aliandika: "Mtoto wetu ametutoka. Rudi."

Remi akajibu: "Nimesikia."

Basi. Baada ya hapo miaka ikapita, namba haipatikani, barua hakuna, salamu hakuna. Mwishowe hata Mama Agata, mama yake Remi, alimwombea misa ya marehemu. Ni yeye aliyemwambia mkwe wake: "Mwanangu amekufa, wewe hujafa. Boni anakutazama mpaka anajikwaa. Mwonee huruma."

Sasa marehemu alikuwa njiani.

*

Lori la abiria humwaga watu ng'ambo ya mto. Kutoka hapo ni miguu na mlima, na Remi hakuweza hata kusimama vizuri. Alihitaji kubebwa. Lakini abebwe na nani? Vijana wetu wote wako Malaysia na Kalimantan. Kijiji kimebaki na wanawake, watoto, na wazee wanaohesabu meno yao.

Katekista Herman alikuja uani kwa Boni, anageuzageuza kofia mkononi.

"Nana," alisema, kama tunavyowaita vijana wa kiume, "nimekuja na neno chungu."

"Liseme, mzee."

"Wabebaji tumepatikana watatu, na machela inataka wanne. Mmoja ana goti bovu, na ndiye mimi."

Boni alichukua panga, akaenda kukata mianzi.

Walimpandisha Remi jua likiwa kali. Alikuwa mwepesi kuliko gunia la kahawa. Macho yake yalikuwa kwenye migongo ya waliombeba.

"Huyu wa mbele nani? Anakwenda vizuri, hanitikisi."

"Ni Boni," akasema mzee Donatus, mmoja wa wabebaji.

"Boni wa Mama Paulina?"

"Ndiye huyo."

Wakapanda. Remi akasema tena, "Nasikia ndiwe uliyembeba Ensi siku ile."

"Tulikuwa wengi siku ile," Boni alijibu bila kugeuka. "Kijiji kilikuwa bado kina watu."

"Na nasikia mlitaka kuoana."

"Nyamaza, Remi. Mlima bado."

"Ungenitupa tu humu korongoni. Nani angejua?"

"Mimi ningejua."

"Hata mimi ningejua," Katekista Herman akadakia huku akihema, "maana goti langu lingeshukuru."

Wakacheka. Hata Remi alicheka, mpaka kikohozi kikamkaba na ikabidi wamtue, Boni akamshika kichwa asipaliwe na damu.

Uani, Mama Agata alimtazama mwanawe kwa muda mrefu. Akamzaba kofi. Kisha akamkumbatia kabla kofi halijapoa, akalia kilio ambacho kila nyumba ilikisikia.

Ensi alikuwa mlangoni. Boni alipoweka machela chini, macho yao yalikutana. Akaokota panga lake, akaondoka.

*

Ensi alimfuata baadaye kwenye mibuni, akamkuta anachuma.

"Daktari aliyempima njiani Ruteng kasemaje?" Boni aliuliza.

"Mapafu yamekwisha. Anasema huenda ni zile dawa walizokuwa wakipulizia. Kasema arudi tu nyumbani, ale anachotaka."

"Pole."

"Boni, nimekuja kukuomba jambo."

"Usiliombe."

"Hujalisikia."

"Nimelisikia, Enu. Unataka nikusubiri."

"Ni kosa?"

"Nisubiri nini? Hebu fikiri. Kila asubuhi nikimsikia anakohoa huko kwenu, niseme moyoni, bado? Na siku asipokohoa, nifurahi? Yule mtu nimembeba kwa bega hili. Siwezi kukaa hapa kumsubiri afe."

"Sasa utafanya nini?"

"Nimeongea na binamu yangu Kalimantan. Kuna kazi."

"Kazi gani?"

Boni aliendelea kuchuma.

"Kazi gani, Boni?"

"Michikichi. Kuna nini kingine kwa mtu wa Golo Wunis?"

"Hiyohiyo iliyomla Remi?"

"Hiyohiyo."

"Basi nenda!" Ensi alikipiga teke kikapu, kahawa nyekundu ikamwagika chini yote. "Nendeni wote! Na sisi tubaki hapa tuwe walinzi wa makaburi yenu!"

Alilia kwa hasira. Lakini kahawa haiachwi chini, hata ukiwa na msiba. Wakainama wote wawili wakaanza kuokota, punje baada ya punje. Vidole vyao vilipogusana, Boni alivishika vya Ensi, akaviachia.

Wiki haikuisha, akawa ameondoka.

*

"Mbona hunitukani?" Remi alimuuliza mkewe siku moja, alipokuwa akinyweshwa uji wa mahindi.

"Nikikaa kutukana, uji utapoa."

"Nitukane, Ensi. Huu wema wako unaniumiza kuliko kifua."

Ensi aliweka bakuli chini. "Haya. Kwa nini ulinyamaza?"

"Ulipoandika kuhusu mtoto, niliandika jibu nikafuta. Nikaandika, nikafuta. Nilikwenda kule kwa ajili yake. Nikajiuliza, sasa nikirudi, narudi kwa nani?"

"Kwangu."

Remi alifumba macho.

"Kulikuwa na mwanamke?" Ensi aliuliza.

"Alikuwepo. Alikuwa mpishi kambini. Nilipoanza kutema damu, akahama."

"Ulimpenda?"

"Alikuwa hanijui. Hicho ndicho nilichompendea."

Ensi aliinuka aondoke. Mlangoni, sauti ya Remi ikamshika, ndogo kama ya mtoto.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Hakuwahi kuuliza. Miaka yote ile, hakuwahi kuuliza.

"Wa kike."

"Mlimpa jina?"

"Katekista alimbatiza palepale mtoni. Rosalia. Jina la bibi yako."

Remi aligeukia ukuta, mabega yakatikisika. Ensi alisimama pale mlangoni, moyo wake ukitaka kuondoka, miguu ikikataa. Miguu ikashinda. Alirudi, akalala ubavuni kwake juu ya mkeka, akamshika.

"Nisimulie alivyokuwa," Remi alisema.

Akamsimulia. Nywele nyingi. Kidevu cha Mama Agata. Vidole virefu. Walilia pamoja, msiba uleule waliotakiwa kuulilia pamoja tangu zamani. Kuanzia siku ile Ensi hakumuuguza tena kama mgonjwa aliyeletwa kwake. Alimuuguza kama mumewe. Wakawa wanataniana. Akimnyoa ndevu, Remi anamwambia, "Taratibu, mke wangu, hii ndiyo sura pekee niliyorudi nayo." Majirani wakisikia vicheko walishangaa, nyumba ya kifo inacheka.

Lakini kifua hakikujali vicheko. Alipoona pumzi inakatika, Remi alimwita mama yake, Ensi akiwa mtoni anafua.

"Mama, chukua simu. Nimerekodi maneno. Panda nayo kilimani, yaende kwa Boni. Usimwambie Ensi."

Mama Agata alipanda, mguu mmoja ukimuuma, na sauti ya mwanawe ikavuka bahari:

"Boni, ni Remi. Sina pumzi nyingi, kwa hiyo nisikilize. Wanaume wameisha huku. Wazee walikaa juzi kutafuta watu wa kubeba jeneza langu, hawakutosha. Wanadhani sikusikia. Ulinipandisha mlima bila kunitikisa. Njoo unimalizie. Halafu usiondoke tena. Sikuachii Ensi kama mbuzi wa urithi, yeye ataamua mwenyewe. Nakuomba tu uwepo, ili awe na cha kuamua."

Hakuna jibu lililokuja. Mama Agata alipanda tena kilimani, na tena.

Remi alikufa asubuhi moja ya ukungu, kichwa kikiwa mapajani kwa mkewe.

*

"Tunafanyaje?" Katekista Herman alisema uani. Jeneza lilikuwa tayari, wabebaji hakuna. "Tuwangoje watu wa kijiji cha pili?"

"Watafika lini, na mvua hii?" akajibu mzee Donatus.

Ensi alijifunga kitambaa chake cheusi cha songke kiunoni. "Nitabeba mimi."

"Binti, desturi yetu hairuhusu..." mzee Donatus akaanza.

"Desturi?" Mama Agata alisimama. "Desturi iko Malaysia inakata michikichi! Inueni!"

Wanawake wakainua. Ensi mbele, dada zake nyuma, Mama Paulina, mama yake Boni, katikati. Kwenye utelezi walipiga magoti na jeneza begani, wakainuka tena. Hatukuwahi kuona jambo lile, na nadhani hakuna aliyeliona atakayelisahau.

Walikuwa wanafukia udongo wakati mtu alipotokea njiani anakimbia, tope mpaka kiunoni, begi mgongoni. Alikuwa Boni. Alilitazama kaburi, akaangusha begi.

"Nimechelewa," alisema. "Meli ilikawia. Nimechelewa."

"Nani kakuita?" Ensi aliuliza.

"Yeye mwenyewe."

Ensi alimgeukia Mama Agata, na mama akainamisha kichwa.

Boni alichukua jembe kutoka kwa mzee Donatus, akafukia mpaka mwisho. Watu walipoanza kuondoka, Ensi alibaki, naye akabaki kwa mbali.

"Boni, kuna jambo lazima ulijue."

"Sema, Enu."

"Sikumuuguza kwa wajibu tu. Mwisho nilimpenda tena. Huyu ninayemlilia ni mume wangu. Simlilii mgeni."

Boni alivua kofia. Ilimuuma, na hakuificha.

"Mlilie," alisema.

"Hata mwaka mzima?"

"Hata zaidi."

"Na Kalimantan?"

"Nimeacha kazi. Hawakunilipa hata nauli ya kurudi. Kahawa yetu imezeeka, nitaikata nipande upya. Ikikubali, ikubali."

"Na mimi nisipokubali?"

"Nitakuwa mtu wa Golo Wunis anayepanda kahawa. Wabebaji watakuwa wanne."

Ensi hakucheka, lakini alimtazama. Kisha akageuka, akarudi nyumbani kwa Mama Agata.

*

Tulimaliza matanga. Kahawa mpya ya Boni ikatoa majani, nyingine ikafa. Mara kwa mara Ensi alipita shambani kwake na muhogo wa kuchoma, akaketi kidogo, akaondoka. Kisha akawa anaketi zaidi. Ni yeye aliyesema, siku moja wakipalilia: "Padri atakuja baada ya Pasaka. Umwambie, au nimwambie mimi?"

Kanisa letu dogo la mbao lilijaa wanawake. Padri alisimama altareni, akatazama huku na huku.

"Nani anamleta bibi harusi?"

Baba yake Ensi alishakufa, na kaka zake walikuwa ughaibuni. Minong'ono ikaanza. Mama Agata akainuka, akamshika Ensi mkono.

"Mimi, Baba Padri. Alikuja kwangu kama mkwe. Mwanangu alikwenda, yeye akabaki. Leo namwoza kama binti niliyemzaa. Ila namwoza hapahapa jirani, asije akadhani ameniponyoka."

Watu wakacheka. Mama Agata naye alitaka kucheka, mdomo ukafunguka, lakini kilichotoka kilikuwa kilio. Alilia akimtaja Remi kwa jina, mbele ya bwana harusi, mbele ya Mungu, mkono wa Ensi bado uko mkononi mwake. Hakuna aliyemnyamazisha. Boni alisogea, akamshika mkono wa pili.

Padri alisubiri. Sote tulisubiri.

Alipomaliza, Mama Agata alijifuta macho kwa ncha ya songke yake.

"Haya, Baba Padri," alisema. "Waozeshe."