Shuka Jeusi la Babu Zuala

Kila mama wa kijiji chetu cha Tlangmawi, kabla hajapika wali, huchota konzi moja ya mchele na kuitia katika kopo la kanisa. Asubuhi konzi, jioni konzi. Hata nyumba yenye njaa haikosi kutia kitu humo. Jumamosi mchele hukusanywa na kuuzwa, na ndio uliojenga kanisa letu lenye paa jekundu, linaloonekana mpaka ng'ambo ya bonde. Watu wa kijiji cha jirani wana kanisa kubwa zaidi, lakini paa lao linavuja, na sisi hatusahau kuwauliza habari zake.

Kazi ya kukusanya mchele katika kitongoji cha juu ilikuwa ya Zirsangi, msichana wa miaka kumi na miwili. Alitia kikapu mgongoni, akavuta mkanda wake juu ya paji la uso, akapanda kilima akiimba. Alikuwa na miguu myepesi na mdomo mwepesi zaidi.

Baba yake, Bwana Dinga, alikuwa mpiga mbiu wa kijiji. Kila jioni alifungua chumba kidogo cha Umoja wa Vijana, akawasha kipaza sauti chenye spika iliyofungwa juu ya mlingoti, akatangaza mambo ya kijiji: nguruwe aliyepotea, zamu ya kufyeka njia, mazoezi ya kwaya. Lakini mbiu ya msiba haikuwa na saa yake. Ikilia mchana, watu wote huacha mashamba. Vijana huchukua majembe kwenda kuchimba kaburi, akina mama hubeba mchele na kuni kwenda kwa wafiwa, na nyimbo huanza kabla chai haijachemka. Sisi tunasifika kwa kuzikana vizuri.

Zirsangi alitamani kusema katika kile kipaza sauti kuliko alivyotamani nguo mpya ya Krismasi. Alijizoeza kwa kipande cha mwanzi nyuma ya jiko. Mawia, mtoto wa jirani aliyesoma naye darasa moja, hakumwacha apumue.

"Nyamaza, wewe! Kuku wetu wamekataa kutaga kwa sababu yako."

"Kuku wenu hawatagi kwa sababu mnawanyima chakula," Zirsangi alimjibu.

Bwana Dinga alikuwa na sheria moja, na binti yake aliijua kwa moyo. "Kifo hakitangazwi kwa kuchungulia," alizoea kusema. "Mtu mzima aingie ndani, aite jina, ashike mkono. Mbiu ikidanganya mara moja, siku ya msiba wa kweli nani ataacha jembe lake? Nami nitakuwa na haki gani ya kukishika tena kile kipaza sauti?"

Jumamosi moja ya Januari ukungu ulikuwa umekilalia kijiji, na baridi ilikuwa kali. Watu wazima walikuwa mbali mteremkoni wakifyeka mashamba mapya. Zirsangi akafika kwenye nyumba ya mwisho, ile ya Babu Zuala.

Babu Zuala alikuwa mjane mrefu, mzito wa masikio, na mwanawe alifanya kazi mjini Aizawl. Alijipikia mwenyewe, lakini konzi yake haikukosekana hata wiki moja, na juu ya konzi kulikuwa na kipande cha sukari guru kwa ajili ya mbebaji. Siku hiyo jiko halikutoa moshi. Mlango ulikuwa wazi kidogo.

"Babu! Hodi! Mchele wa kanisa!"

Akaita tena. Zirsangi akachungulia. Kitandani kulikuwa na mwili mrefu ulionyooka, umefunikwa kuanzia kichwani hadi miguuni kwa puandum.

Puandum ni lile shuka jeusi ambalo kila bibi harusi wa kwetu huingia nalo kwa mumewe. Hukunjwa likawekwa sandukuni, halifunuliwi kwa mchezo, maana siku mume akifa ndilo atakalofunikwa nalo. Hakuna mtoto Tlangmawi asiyejua hivyo. Zirsangi hakuingia. Aligeuka akateremka mbio, mchele ukimwagika njiani.

Alimkuta Mawia akichanja kuni.

"Babu Zuala amekufa!"

"Acha masihara. Umemgusa?"

"Amefunikwa puandum, Mawia! Maiti hajifuniki mwenyewe. Maana yake watu wazima wameshajua, wamemfunika, na sasa wanamtafuta baba naye yuko shambani. Watu wataambiwa na nani?"

Mawia alikuna kichwa. Maneno yale yalionekana yamenyooka. "Mimi ningemngoja baba yako," alisema.

Lakini Zirsangi alikuwa ameshaukimbilia ufunguo wa kile chumba cha Vijana, uliotundikwa msumarini kwao. Akawasha kipaza sauti, akavuta pumzi, na sauti yake ikaenda mpaka bonde la pili: "Tangazo la msiba! Babu Zuala wa kitongoji cha juu ametutoka. Kila mtu aache kazi!"

Alikuwa analia, na machozi yalikuwa ya kweli, kwa kuwa alimpenda mzee yule. Lakini pembeni mwa huzuni kulikuwa na kitu kilichomtekenya. Kijiji kizima kilikuwa kinamsikia yeye.

Haikupita nusu saa, mteremko ukajaa watu wanaoshuka. Kapa, mkuu wa vijana, alipita na wenzake wenye majembe, moja kwa moja hadi makaburini. Bwana Dinga alifika akihema.

"Nani amekuambia?"

"Nimeona mwenyewe, baba."

"Ulimshika mkono?"

Zirsangi alitaka kusema hapana. Kichwa chake kikainama, kikainuka, nacho kikawa kimesema ndiyo.

"Basi umefanya vizuri, mwanangu," alisema baba, akamshika bega. Neno lile "vizuri" lilimchoma kuliko kofi.

Wakapanda pamoja hadi nyumbani kwa Babu Zuala. Akina mama walikuwa wamejaa barazani, na mbele yao Mama Kungi, jirani wa marehemu, na sufuria kubwa kichwani. Akaingia ndani, kisha akatoka akiwa ameduwaa.

"Jamani, maiti yuko wapi?"

"Yuko wapi vipi?"

"Hayupo! Kitanda kitupu. Puandum limekunjwa vizuri, hata mimi silikunji hivyo."

"Labda vijana wameshampeleka," alisema mama mmoja.

"Wampeleke hajaoshwa, hajaimbiwa? Kwani sisi ni watu wa wapi?"

Mawia akamsogelea Zirsangi, akamnong'oneza, "Sema uliambiwa na mpita njia. Mpita njia ameshapita, nani atamtafuta?" Zirsangi alimtazama baba yake, aliyekuwa anazunguka nyumba akiita kwa wasiwasi. Kisha akakimbia kuelekea makaburini kuona kama kweli vijana wamempeleka, na watu wote wakamfuata.

Kule makaburini, kama Kapa anavyosimulia mpaka leo, shimo lilikuwa limefika kiunoni alipoinua macho na kumwona Babu Zuala akitokea kwenye ukungu, amevaa koti lake refu na kofia ya sufu, jembe begani. Alikuwa ameamka, ameona vijana wanapita na majembe, akajua kuna msiba. Na Babu Zuala hajawahi kukosa kuchimba kaburi tangu ujana wake.

Kijana aliyekuwa shimoni alitoka kwa mruko mmoja, akasimama kwenye kabichi za mchungaji zilizo jirani na makaburi.

"Vijana wa siku hizi wanakimbia kazi," alinung'unika Babu Zuala, akateremka shimoni mwenyewe. Akapima kuta kwa mpini. "Nani amechimba pembe hii? Imepinda. Mtakayemlaza humu atafufuka na kibiongo."

Akasogea upande wa pili, akapima tena.

"Na huku miguuni ni pafupi. Ni mtoto aliyefariki? Nauliza, ni nani?"

Kapa akamwinamia, akapiga kelele sikioni mwake, "Ni wewe, Babu!"

"Mimi nini?"

"Uliyefariki!"

Babu Zuala akaegemea jembe. Akafikiri kidogo. "Lini?"

"Leo asubuhi!"

"Mbona sikuambiwa?"

Mtu mmoja akaanza kucheka, akajizuia kwa heshima, akashindwa. Hapo ndipo Zirsangi alipofika. Alipomwona mzee amesimama, mzima, na udongo kwenye viatu, alilia kwa furaha na aibu kwa pamoja. Baba yake alikuwa nyuma yake, na kijiji kizima nyuma ya baba yake. Aligeuka akawatazama.

"Ni mimi," alisema. "Sikuingia ndani, niliogopa. Nilichungulia tu, nikaona puandum. Na baba aliponiuliza kama nilimshika mkono, nilimdanganya kwa kichwa. Msimnyang'anye baba kipaza sauti. Yeye hajakosea kitu."

Bwana Dinga aliinamisha uso. Mzee mmoja wa kanisa alikohoa, akataka kusema jambo, lakini Babu Zuala alikuwa anauliza kwa sauti kubwa, "Anasemaje mtoto? Anasemaje?" Wakampigia kelele mpaka akaelewa. Naye akacheka hadi akashika ukuta wa kaburi.

"Puandum! Sikilizeni basi. Tangu Alhamisi nina homa. Mablanketi yangu niliyafua, ukungu umekataa kuyakausha. Usiku nikatetemeka, nikalikumbuka shuka la marehemu Thuami wangu. Alilileta siku ya harusi yetu, nimelitunza miaka yote kwa ajili ya kaburi. Nikasema, kaburi ni la kesho, baridi ni ya leo. Nikajifunika gubigubi, nikatoka jasho, homa ikakimbia. Ni shuka zuri kweli. Nimechelewa kulitumia."

Watu walicheka, wote isipokuwa Mama Kungi.

"Tangu Alhamisi, Babu?" aliuliza taratibu, kisha akalazimika kurudia kwa kelele. "Homa tangu Alhamisi, na mimi naishi hatua chache chini yako?"

"Mlikuwa shambani, mwanangu," alisema mzee, bila lawama yoyote. Kicheko kikafa chenyewe. Watu walitazama mikono yao, iliyojaa mchele, kuni, chai na mapande ya nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi.

Babu Zuala akaviona pia. "Hivyo vyote ni vya nani?"

"Ni vyako, Babu. Vya msiba."

"Basi asirudi navyo mtu! Nitavila ningali na meno. Na zile nyimbo mlizotaka kuniimbia, mniimbie leo, karibu na sikio la kulia. Kaburi lifunikeni kwa mbao, lakini huku miguuni ongezeni. Mimi ni mrefu."

Kabla ya karamu kulikuwa na jambo moja. Bwana Dinga alimpeleka binti yake kwenye kile chumba, akawasha kipaza sauti, akarudi nyuma. Safari hii sauti ya Zirsangi ilitetemeka. "Tangazo. Babu Zuala yu hai. Mimi Zirsangi nilitangaza bila kuhakikisha, na nilimdanganya baba yangu. Naomba msamaha. Mzee anawakaribisha wote kula."

Jioni hiyo nyumba ya Babu Zuala ilijaa hadi barazani. Wali ulinuka vizuri, moto uliwaka, na kwaya iliimba mpaka mzee akaomba wapunguze sauti, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia kwake. Zirsangi alikaa pembeni akiosha vyombo. Baba yake akaja akachuchumaa karibu naye. Mzee wa kanisa na wengine wakageuka kusikiliza.

"Umenidanganya, na hilo limeniuma kuliko hiyo mbiu," alisema Bwana Dinga. "Utamchotea Babu maji na kumletea kuni mpaka mvua zianze. Haraka na sifa ndizo zilizokuponza. Lakini ulipokuwa na njia ya kukimbia, ulisimama ukasema kweli mbele za watu. Kwa hiyo bado naweza kukuamini."

Kisha akainua uso, na sasa hakuwa anamwambia mtoto peke yake. "Milima yote hii inatuita watu wa Mungu. Tunajenga kanisa kwa konzi za mchele, tunazikana kama ndugu wa tumbo moja. Mtu akifa, nusu saa tuko mlangoni. Lakini huyu ameugua siku tatu, na hakuna aliyepiga hodi. Mungu anatoa uhai kwanza, jamani. Kama tunaheshimu mwili ambao pumzi yake imeondoka, tutaachaje kuuheshimu ule ambao pumzi yake bado imo? Kuanzia Jumamosi ijayo, anayekusanya mchele ataingia kila nyumba ya mzee. Ataita jina, atashika mkono. Na jioni tutatangaza nani anaumwa, ili tumwendee kabla ya jembe."

"Amina," alisema Mama Kungi, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi.

Jumamosi iliyofuata Zirsangi alipanda kilima na kikapu chake. Kwenye nyumba ya mwisho moshi ulikuwa unatoka, lakini hakutosheka na moshi. Aliingia mpaka ndani, akaita jina kwa nguvu zake zote, akanyoosha mkono. Babu Zuala akampa wake, mkubwa, wenye sugu.

"Shika sawasawa," alisema. "Mkono una joto?"

"Una joto, Babu!"

"Haya. Chukua sukari guru yako, ukatangaze."