Programu Iliyokubali Kukwama

Kila siku akitoka shule, Kidole alipitia maabara ya shangazi yake, akavua viatu mlangoni na kufanya kazi za shule kwenye kona. Jina hilo alipewa na fundi wa maabara, mtu wa mizaha, kwa sababu msichana huyo hakuona kitufe asikibonyeze. Lakini wiki hiyo mizaha ilikuwa haba. Kuhara kulikuwa kumemuua mwenzake wa dawati, na mdogo wake Kidole mwenyewe alikuwa amelazwa, macho yamezama.

Shule ilikuwa imefunga kisima chake ikisubiri majibu ya shangazi, mtafiti wa maji. Vipimo vya visima vya mtaa vilikuwa vingi, hivyo alitafuta programu ya kompyuta ya kuendesha hatua za utafiti, moja baada ya nyingine. Alikuwa na mbili, akazipa kazi ileile ili azilinganishe.

Ya kwanza ilimaliza kabla chai haijapoa. "Hakuna kisima chenye kasoro," fundi alisoma.

Ya pili ilikwama njiani, ikaandika kwa rangi nyekundu: faili la kisima cha shule halipo.

"Hii ina gubu kama mama mkwe," fundi alisema. "Tuchukue ya kwanza, bosi. Kesho watoto wateke maji."

Shangazi akashika kipanya.

Kidole alisoma tena yale maandishi mekundu. Juzi alikuwa amefuta faili asilolijua ili apate nafasi ya mchezo wake. Akisema, atafukuzwa humu. Asiposema, kesho wenzake watakunywa.

"Shangazi, subiri!" Machozi yalimtoka. "Nililifuta mimi."

Shangazi hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. Alilirudisha faili kutoka kwenye kikapu cha taka cha kompyuta, akaanza upya. Sasa programu zote mbili zilisema neno moja: kisima cha shule kina vijidudu vya kinyesi.

"Kumbe ile ya haraka ilikiruka kisima, ikanyamaza," fundi alisema kwa sauti ya chini.

Kisima hakikufunguliwa tena. Mdogo wake Kidole alirudi nyumbani amekonda. Upande wa pili wa dawati ulibaki mtupu.

"Tumechagua ile iliyokwama," shangazi alimwambia. "Anayesema ameshindwa, utamsaidia. Anayenyamaza atakuzika. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ulinyamaza siku mbili, mwanangu. Tungechelewa kidogo tu, tungezika wengine."

"Sitarudia, shangazi."

"Na kompyuta usiiguse mpaka nikuambie."

Kidole akaficha mikono mgongoni.