Picha Iliyoganda Bondeni

Kila asubuhi Chiriku alifuta meza ya kulia, akafungua kompyuta na kusubiri kipindi kianze. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa darasa la saba, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Shule ilikuwa imefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa kuhara uliozuka mtaani, na wanafunzi walisomea nyumbani kwa njia ya mtandao.

Shangazi yake, fundi wa mitandao aliyeishi nyumbani kwao, ndiye aliyeiwekea shule mfumo huo.

"Video inakatwa vipande vipande," alikuwa amemweleza Chiriku. "Ukipokea kipande, kompyuta yako inampasia mwenzako. Mtandao wetu una nguvu, kwa hiyo nyumba hii inawabeba wengi wa bondeni."

Lakini juzi picha ya Chiriku ilikwama mara mbili, naye akakereka. Akapekuapekua mpaka akakiona kitufe cha kuwatumia wenzake vipande, akakizima. Tangu hapo akawa anapokea tu, na picha yake ikatiririka bila kukatika.

Siku hiyo aliyefundisha alikuwa muuguzi wa zahanati. Alisimama mbele ya jagi, akaonyesha jinsi ya kutengeneza maji ya sukari na chumvi ya kumnywesha anayeharisha. Pembeni mwa kioo ujumbe ukaanza kumiminika.

"Kwangu imeganda!"

"Jamani, sauti inakatika!"

Wote walikuwa watoto wa bondeni. Chiriku alikitazama kile kitufe, kisha akatazama pembeni. "Itarudi tu," alijiambia.

Ndipo ukaingia ujumbe wa Mshale, rafiki yake wa chanda na pete: "Mdogo wangu anaharisha tangu alfajiri. Mama yuko kazini. Nimesikia 'vijiko sita' halafu ikakwama. Ni vya chumvi, sivyo?"

Moyo wa Chiriku ulipiga pa! Vijiko sita vya chai vilikuwa vya sukari. Chumvi ilikuwa nusu kijiko kwa lita moja ya maji safi, na muuguzi alikuwa ameonya kwamba ikizidi humdhuru mtoto.

Aliandika jibu, halikusomwa. Akapiga simu, ikaita mpaka ikakatika.

"Shangazi! Njoo!"

"Kuna nini, mwanangu? Umepigwa na umeme?"

Chiriku akaeleza yote, na kile kitufe pia, huku machozi yakimlengalenga. Shangazi hakugomba.

"Kiwashe. Mwombe muuguzi arudie. Kisha vaa viatu."

Chiriku alifanya yote hayo, kisha wakateremka bondeni mbiombio. Njia nzima Chiriku alimwona mtoto yule akilini, kikombe kikiwa mdomoni. Vipi kama wamechelewa?

Walimkuta Mshale mlangoni, jagi tupu mkononi.

"Nilikuwa chooni na mtoto, sikusikia simu," alisema akihema. "Nimeshika kikombe nimnyweshe, mara simu pale dirishani ikafufuka: 'Nusu kijiko cha chumvi!' Nimeyamwaga yote!"

Chiriku alilipokea jagi, akaliosha. Shangazi alitengeneza maji mengine, akayaonja kuhakikisha hayazidi machozi kwa chumvi. Mtoto akanyweshwa kidogo kidogo, kisha wakampeleka zahanati. Jioni alikuwa amepata nguvu za kulilia mpira wake.

"Ni mimi niliyezima," Chiriku alimwambia rafiki yake. "Nisamehe."

"Nimekusamehe," alisema Mshale. "Ila niliogopa sana, Chiriku."

Waliporudi, shangazi alimshika bega.

"Wewe ulikwama kidogo ukafumba mkono, na wenzako wakakosa kila kitu. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, mwanangu. Ukiondoa kinga chako motoni, usidhani baridi itamchagua mtu. Ukipokea, pasia."

"Nimeelewa, shangazi," alijibu Chiriku, akaenda kuhakikisha kile kitufe bado kimewashwa.