Ngusa Hakuwa Anajifanya

Ngusa wa mji mdogo wa Mhunze aliugua Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukaza mwili. Kila asubuhi alimeza dawa, akakamua ng'ombe, akawapeleka lamboni kunywa maji. Ikifika saa tano, miguu iligoma. Aliganda mlangoni mpaka mkewe, Paskazia, aje kumshika mkono.

Siku moja walikuja wageni kumposa binti yao, Mariana. Ngusa akashindwa kunyanyuka kuwapokea.

"Asubuhi ulikuwa unatembea," Paskazia alimwambia mbele yao. "Huu si ugonjwa, ni uvivu."

Jioni Ngusa alianguka jikoni, mkono wa kushoto ukaungua kwenye mafiga.

Hospitalini, nesi Rebeka alimfunga kidonda. Paskazia akamwambia, "Kila tukija kliniki, daktari anamwona mzima."

"Mnakuja saa ngapi, mama?"

"Asubuhi, akishameza dawa."

"Basi daktari anamwona dawa ikiwa na nguvu tu."

Rebeka alimvalisha Ngusa kifaa kama saa kwenye mkono wa kulia, ule unaotetemeka. "Avae wiki nzima, hata akilala. Kinapima mtetemo na wepesi wa mkono. Hakitibu, ila kinaonyesha yale daktari asiyoyaona. Wewe andika saa anazomeza dawa."

Wiki ilipokwisha walirudi. Rebeka aliwaonyesha kwenye kompyuta mstari wa wepesi wa mkono. Kila siku ulipanda asubuhi, ukaporomoka kabla ya saa tano.

"Hapa dawa imeisha nguvu," alisema. "Mwili haumtii. Hajifanyi."

Paskazia aliutazama mstari ule, machozi yakamtoka. "Baba Mariana, nilikuaibisha mbele za watu."

Uso wa Ngusa ulibaki mkavu. "Sijakasirika," alisema kwa sauti ndogo. "Hata uso haunitii siku hizi."

Daktari alipanga dawa upya: kidogo kidogo, mara nyingi zaidi kwa siku. "Msibadilishe wenyewe," aliwaonya. "Ugonjwa huu hauponi, na utazidi polepole. Lakini tunaweza kuutuliza. Miaka ijayo sijui, ila mwaka huu atatembea."

Mariana alifunga ndoa mwezi wa nane, saa nane mchana. Ngusa alimsindikiza kanisani kwa miguu yake mwenyewe. Paskazia alitembea nyuma yao akilia, kwa kuwa alijua mwendo ule hautadumu. Mkono wa Ngusa ulitetemeka njia nzima. Mariana aliushika, hakuuachia mpaka altareni.