Kalipa za Kobe

Kila Jumamosi, Mjomba akisharudi kugawa mikate madukani, Chiriku alikuwa na kazi yake: kuosha sinia za kuokea nyuma ya nyumba, huku akiongea. Aliongea na sinia, akaongea na kuku, hata na jua. Ndiyo maana mjomba wake, mwoka mikate, alimpa jina la yule ndege mdogo asiyefunga mdomo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuna swali lililowahi kumshinda. Alipojua jibu, alilisema. Asipolijua, alilitunga papo hapo, macho makavu kama hakimu.

Siku hiyo Mjomba alirudi na mfuko mzito begani. "Chiriku, acha sinia! Leo tunamtibu Kobe."

Kobe alikuwa gari lao kuukuu, upande mmoja rangi ya maziwa, upande wa pili rangi ya kutu. Mbio hakuwa nazo, lakini ugonjwa wake haukuwa mbio. Akiwa amesheheni mikate, kwenye mteremko wa kwenda sokoni, breki zake zilisitasita kabla ya kushika. Mara nyingi Mjomba alifika chini shati limelowa jasho.

Akatoa vyuma viwili vilivyokunjika kama ngumi. "Hizi ndizo kalipa. Ukikanyaga breki, zinabana diski ya gurudumu. Zimetoka kwa kaka yake Kobe, gari la aina ileile lakini kubwa zaidi. Mzee wa vyuma chakavu ameniambia zinaingia bila kulazimisha."

Mama alikuwa akianika mashuka. Aligeuka, kibanio mdomoni. "Kaka, si umpelekee Dada Fundi? Karakana yake si iko mtaa wa pili tu?"

"Dada yangu, kila upande ni bolti mbili na mpira mmoja wa mafuta! Mimi ninayebeba magunia ya unga nitashindwa na bolti?"

"Haya. Yangu macho," Mama akasema, akaingia ndani.

Wakamwinua Kobe kwa jeki, wakamkalisha juu ya stendi, wakafungua magurudumu ya mbele. Kazi ilinoga. Chiriku aliimba, Mjomba akaitikia kwa sauti ya pipa tupu, na kalipa za zamani zikatoka zimejaa vumbi jeusi.

"Niletee ile ya kushoto," Mjomba akasema akiwa chini ya gari. "Mzee alinitenganishia vizuri, nami nikaziandika kwa chaki."

Chiriku akageuza kalipa ya kwanza. Imeandikwa K. Akageuza ya pili. K vilevile.

Akasimama kidogo. Kushoto ni K. Kulia nako ni K. Angeweza kuuliza, lakini ulimi wake haukuzoea kuuliza. Akachukua iliyokuwa karibu na mkono.

"Hii hapa, Mjomba."

"Una uhakika?"

"Kabisa!"

Walipomaliza kufunga, ikabaki kutoa upepo kwenye breki. Chiriku akakaa kwenye usukani, Mjomba akachuchumaa kando ya gurudumu. "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Walifanya hivyo mpaka mguu wa Chiriku ukafa ganzi. Mafuta ya breki yalitoka, lakini pedali iliendelea kuzama kama mguu kwenye tope.

"Itakazana yenyewe," Mjomba akasema, ingawa hakuonekana kuamini sana. "Ngoja nimjaribu humu humu uani. Wewe kasimame kule ukutani."

Akamwasha Kobe, akaenda mwendo wa mtu mwenye mawazo. Alipofika katikati ya ua akakanyaga breki. Kobe hakujali. Akakanyaga tena. Kobe akaingia kwenye shuka la kwanza, akalivaa. Akaingia la pili, akalivaa pia, akakokota kamba pamoja na vibanio vyake vyote, akielekea kwenye tangi la maji.

"Breki ya mkono, Mjomba!" Chiriku akapiga kelele. "Ya mkono!"

Kobe akasimama kwa mshtuko, pua yake ikikaribia kulibusu tangi. Mama akatoka mbio. Pale uani palikuwa na kitu kikubwa kilichojifunika shuka la maua, na ndani yake sauti ikisema, "Niko salama! Ila sioni!"

Mama alitaka kufoka, kicheko kikamtangulia. Chiriku naye akacheka mpaka akashika mbavu.

Lakini Mjomba alipotoka, uso wake ulikuwa umekunjamana. "Yule mzee kaniuzia kimeo! Na nitamwambia mbele ya wateja wake kwamba ni tapeli. Nipe kofia yangu."

Kicheko cha Chiriku kikakatika. Alimfahamu yule mzee. Hakuwa mtu wa kudanganya. Mjomba alikuwa keshavaa kofia na kufika mlangoni.

"Mjomba, usiende!" akasema. "Mzee hana kosa. Uliponiuliza kama nina uhakika, sikuwa nao. Nilibahatisha."

"Ulibahatishaje, na alama zipo?"

"Uliandika K, Mjomba. Kwenye zote mbili."

 Mjomba akahesabu kwa vidole: kushoto, kulia. Mama akakaa chini kabisa kwa kucheka. Mjomba akavua kofia, akajipiga nayo kwenye paji la uso.

"Kaniitie Dada Fundi," akasema.

Fundi alikuja na sanduku lake la spana. Hakumcheka mtu, ila alipoyaona mashuka alilazimika kukohoa kidogo. Akainama kwenye gurudumu, akamwita Chiriku.

"Unakiona kiskrubu hiki cha kutolea upepo? Chenu kimekaa chini, nacho kinatakiwa kiwe juu. Kalipa ya kulia iko kushoto, na ya kushoto iko kulia. Upepo hupanda juu siku zote. Mngekanyaga mpaka kesho kutwa, wenyewe umejikalia zake huko juu. Unajua kwa nini upepo ni hatari humu?"

Jibu la kutunga likamfika Chiriku kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Sijui, dada."

"Vizuri, basi nikwambie. Mafuta ya breki hayabonyei, upepo unabonyea. Ukikanyaga, nguvu yako yote inaishia kuuminya upepo, gurudumu halipati kitu."

Akazibadilisha kalipa, akazungusha magurudumu kuona kama kuna kinachogusa, akakagua diski, mipira na pedi. Kisha wakatoa upepo upya. Chiriku akakanyaga. Safari hii pedali ilikuwa ngumu kama jiwe, naye akashangilia mpaka kuku wakakimbia.

"Zimemkubali," Fundi akasema. "Lakini siku nyingine mniite kabla. Breki si pazia la dirisha, useme utajaribu uone kama linapendeza."

Fundi akamwendesha mwenyewe kwanza, akaridhika. Jioni wakateremka wote mpaka sokoni na magunia ya unga nyuma, na kila Mjomba alipokanyaga, Kobe alitii palepale.

Waliporudi, Mama alikuwa amewawekea beseni, sabuni na mashuka yenye alama za matairi. Mjomba na mpwa wake wakakunja mikono ya nguo, wakafua, povu likiwafika viwikoni.

"Mjomba, umenikasirikia?"

"Kidogo, kwa sababu ulisema 'kabisa' ilhali hujui. Leo tumeumiza mashuka tu. Kule kwenye mteremko ningeumiza watu. Lakini ulisema kweli kabla sijamvunjia mzee wa watu heshima, na hilo lilitaka ujasiri." Akakamua shuka. "Na mimi vilevile nilijifanya najua, nikaona haya kumuuliza fundi. Kuuliza si ujinga, Chiriku. Ujinga ni kuona aibu ya kusema 'sijui', halafu wengine waumie kwa sababu yako."

Kisha akamrushia povu usoni, na vita vikaanza.